Mchwa wa mbao, wa ukutani na wa kichuguu: uliza ukoo kabla ya kununua dawa

Shangazi yangu hutega sahani nyeupe chini ya mwimo wa mlango wake, Mji Mkongwe, kama mtu anayekinga bati linalovuja. Kila asubuhi sahani ina vidonge. Ni vidogo kuliko chembe ya ufuta, vingine rangi ya mchanga, vingine vimeiva weusi kidogo, na ukivimwaga kiganjani vinateleza kama chumvi. "Unga wa mbao huo," ndivyo anavyosema. Nikavitazama kwa kioo cha kukuzia tunachotumia skuli: kila kidonge kina pande sita, kama penseli iliyokatwa fupi. Unga hauwi hivyo. Ni mavi ya mchwa, na zile pande sita ndizo pasipoti yake.

Fuoni, kwa kaka yangu, hakuna kidonge hata kimoja. Kuna mstari wa udongo, mnene kama kidole, unaopanda ukuta nyuma ya kabati la nguo kutoka sakafuni mpaka kwenye fremu ya dirisha. Na Konde, Pemba, kwa ami yetu, kuna vichuguu katikati ya mikarafuu, na miche michanga imepakwa udongo kuanzia shinani kama iliyopigwa lipu.

Nyumba mbili na shamba moja, na wote wamenijia na swali lile lile kwa kuwa nasomesha bayolojia: "Dawa gani ya mchwa?" Dukani wanalo jibu moja kwa wote, mkebe wenye picha ya mdudu. Mwaka juzi shangazi alimlipa mpulizaji mmoja, jina lake naliacha. Akaja na bomba mgongoni, akatoboa sakafu ya uwani kila hatua moja, akamwaga dawa ardhini, akaziba matundu kwa saruji, akachukua pesa zake. Wiki ile ile sahani ikajaa kama desturi. Dawa yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa ya ukoo mwingine.

Nimeamua kuwaweka hawa watatu bega kwa bega, kwa sababu jina letu limetuponza. Tunasema mchwa, wakiota mbawa tunasema kumbikumbi, na hapo tumemaliza. Vinasaba vinasema tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayokwambia ununue nini na usinunue nini.

Babu yao ni mende

Kwanza tuwatoe kwenye kundi wasilo lao. Mchwa anaishi kwa jamii, ana askari, ana malkia, basi wengi humweka fungu moja na siafu na sisimizi. Siafu na sisimizi ni jamaa wa nyigu na nyuki. Mchwa ni mende.

Si tusi. Miaka ya 1930 mtafiti wa Marekani, L. R. Cleveland, alipasua matumbo ya mende wa porini aitwaye Cryptocercus, anayekaa ndani ya magogo yaliyooza na kula mbao pamoja na watoto wake, akakuta humo vijidudu vya seli moja vinavyofanana sana na vile vilivyomo tumboni mwa mchwa. Fununu hiyo ilikaa muda mrefu, wengine wakiikubali na wengine wakiikataa, mpaka vinasaba viliposomwa. Mwaka 2007 Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton wa London walilinganisha jeni tano za mende, vunjajungu na mchwa zaidi ya mia moja. Mchwa wote waliangukia ndani kabisa ya tawi la mende, na aliyekaa ubavuni mwao alikuwa yule yule Cryptocercus. Mwaka 2018 chama cha wanasayansi wa wadudu cha Marekani kikaufuta mchwa kama oda (fungu kubwa la wadudu) ya peke yake kwenye orodha yake, kikawaandika chini ya mende.

Na yupo mmoja ambaye bado anavaa nguo za ujombani. Mastotermes darwiniensis wa kaskazini mwa Australia hutaga mayai yake yakiwa yameshikana kwenye fungu, mtindo wa mende, wala si moja moja kama mchwa wengine. Katika mafuta ya mwili wake anaishi bakteria yule yule anayeishi kwa mende. Ndiye pekee aliyebaki wa familia yake.

Nilipomsimulia shangazi habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mende? Ndo maana hawana haya."

Nani ndugu wa nani

Kusoma nasaba kwa jeni si uganga. Unachukua jeni ile ile kutoka kwa kila mdudu, unapanga herufi zake mstari kwa mstari, unatazama wapi zimebadilika. Wanaoshiriki badiliko moja wana mama mmoja. Ukiwa na visukuku vichache vyenye umri unaojulikana, unaweza pia kukadiria waliachana lini.

Mchwa wanaojulikana leo wanakaribia spishi 3,000. Makadirio ya mwaka 2015, yaliyotokana na jenomu za mitokondria (jeni zote za vile vijumba vidogo vya nguvu ndani ya seli) za spishi kadhaa na kuongozwa na Thomas Bourguignon, yanaweka mzizi wa mchwa wote waliopo leo kwenye miaka kama milioni 150 iliyopita, zama za madinosauri. Toka hapo matawi yakaanza kujitenga, na matatu kati yake ndiyo yaliyotuletea kero kwa shangazi, Fuoni na Konde.

Wa shangazi ni Kalotermitidae, mchwa wa mbao kavu. Tawi lake lilijitenga na hao wawili wengine zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Upate picha: mtu na panya walitengana miaka isiyofika milioni 100. Yaani mchwa wa mlango wa shangazi na mchwa wa ukuta wa kaka yangu wako mbali kuliko wewe na panya wa jikoni kwako.

Wa Fuoni ni mchwa wa ardhini, jenasi (fungu dogo ndani ya familia) ya Coptotermes. Afrika Mashariki inaye wake wa asili, Coptotermes amanii, aliyepewa jina la Amani kule Usambara. Zamani kundi hili liliwekwa kwenye familia ya Rhinotermitidae pamoja na wengine wengi. Jeni zikaonesha kuwa familia ile ilikuwa kama nyumba ya kupanga: wapangaji wote wameitwa kwa jina la mwenye nyumba, kumbe kila mmoja ana kwao. Mwaka 2024 Simon Hellemans na wenzake waliipasua rasmi kwa ushahidi wa jenomu, na Coptotermes akahamishiwa Heterotermitidae.

Wa Konde ni Termitidae, familia kubwa kuliko zote, yenye karibu robo tatu ya spishi za mchwa duniani. Ni mchanga kwa umri, miaka milioni 50 na kitu.

Sasa shika hapa, maana ndipo kiini cha makala. Ukimwuliza mtu yeyote mtaani atakugawia mchwa mafungu mawili: wa nyumbani na wa shamba. Kwa hesabu hiyo wa shangazi na wa kaka ni ndugu, na wa Konde ni mgeni. Jeni zinasema kinyume. Ndugu wa karibu kabisa wa Termitidae, wajenzi wa vichuguu, ni Heterotermitidae. Mchwa anayepanda ukuta Fuoni ni binamu wa yule wa kichuguuni Konde. Aliye mgeni ni yule wa mlangoni, ingawa wanakula nyumba moja. Mahali ulipomkuta mdudu hapakwambii ukoo wake.

Muulize askari

Huhitaji maabara kuwatambua. Askari wao wanatosha, nao wamebeba nasaba kichwani, na nasema kichwani kwa maana yake hasa.

Niliibandua njia ya udongo ya Fuoni kwa ncha ya kisu, kipande cha urefu wa kidole. Vibarua weupe wakakimbia kurudi ndani. Askari wakabaki mlangoni, vichwa vya manjano vyenye umbo la tone, na nilipomgusa mmoja kwa ncha ya njiti ya kiberiti, juu ya paji lake likatoka tone jeupe kama utomvu wa papai bichi. Likagandia njiti. Tone hilo hutoka kwenye kitundu kidogo kilichopo kichwani, na kitundu hicho ni alama ya tawi zima linalowajumuisha mchwa wa ardhini na Termitidae. Wa mbao kavu hanacho.

Askari wa mbao kavu wa jenasi ya Cryptotermes ana kichwa cheusi, kifupi, kilichokatwa wima mbele kama kizibo cha chupa. Kazi yake ndiyo hiyo hiyo: sisimizi akija anaziba njia kwa uso wake. Ukiwa na bahati utamwona ukivunja kipande cha mbao kilicholiwa. Hakuwa tayari kutoka nje hata nilipomchokoa.

Askari wa kichuguu, kama ni Macrotermes, hahitaji kioo. Ni mkubwa, kichwa chekundu-kahawia, meno kama mkasi. Ami alinionesha kidole chake cha gumba na tone la damu juu yake, akacheka. Odontotermes na Microtermes ni wadogo zaidi, lakini nao ni wa ukoo huo huo wa wakulima wa uyoga, mchwa wanaootesha uyoga kiotoni na kuula.

Na usipomkuta askari, tazama kilichoachwa. Vidonge vikavu vya pande sita: mbao kavu. Njia ya udongo inayotoka ardhini: ardhini au kichuguu. Udongo uliofunika gome au majani makavu kwa upana kama blanketi, na mdudu anakula chini yake: karibu kila mara ni wakulima wa uyoga.

Wa mbao kavu: ardhini hakuna kitu

Huyu haendi chini kutafuta maji. Maji anayakamua kutoka kwenye mbao anayoila na kwenye mavi yake kabla ya kuyatupa, ndiyo maana vidonge ni vikavu na vina umbo. Kundi lake lote, mamia au elfu chache, linaishi ndani ya mwimo mmoja au mguu mmoja wa kitanda. Kumwagia dawa ardhini ni kumtega samaki juu ya mnazi.

Jambo la pili linatokana na ukoo wake. Hana kibarua wa kudumu. Wale unaowaona wakifanya kazi ni vijana ambao hawajakata shauri: anaweza kuwa askari, anaweza kuota mbawa, na mzazi akifa anaweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo habari ya "muue malkia umemaliza" hapa haina mashiko. Ukiacha kipande cha mbao chenye wachache hai, umeacha mbegu.

Basi uchague hivi. Kama mbao imeliwa sana na si ya thamani, itoe, ichome, tia nyingine. Mwimo wa kawaida wa mbao laini haustahili vita. Kama ni mlango wa kale wenye nakshi, wa msaji au wa mfenesi, sindano ndiyo njia: tafuta vitundu vinavyotoa vidonge, piga dawa ndani ya kila kimoja kwa bomba jembamba, ziba kwa nta, kisha ngoja. Chumvi za boroni zikipakwa kwenye mbao tupu, isiyo na rangi wala vanishi, huingia ndani na hukaa muda mrefu, na sumu yake kwa watu ni ndogo kuliko nyingi za dukani. Juu ya mlango uliopakwa vanishi mara kumi hazipenyi. Hilo fundi hakwambii.

Joto ni dawa ambayo wengi wanaisahau. Kipimo cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo ni nyuzi 56 za Selsiasi katikati ya mbao kwa dakika 30. Kiti cha mwanzi au kijisanduku unaweza kukifunga plastiki nyeusi na kukianika juani juu ya dari ya saruji siku nzima ya kaskazi, na kitu kidogo kabisa ukakitia friza wiki moja au mbili. Mlango huwezi. Gesi ya kufukiza nyumba nzima inaua kweli, lakini haiachi kinga yoyote nyuma yake. Msimu ujao kumbikumbi wanaweza kuingia tena. Tena nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Sijui nani atawaomba majirani saba wahame. Mimi gesi siipendekezi huko.

Kinga yake ni ya kike kabisa, kwa maana ya mama wa nyumba makini: ziba nyufa kabla ya mvua, paka rangi mbao tupu, na usiku kumbikumbi wanaporuka zima taa za nje. Kila jozi inaanza kwa kutafuta ufa.

Wa ukutani: fuata maji

Huyu ana kiota chake ardhini, wakati mwingine ndani ya ukuta penye bomba linalovuja, na kundi lake huweza kufika malaki. Anakula mbao, lakini roho yake ni unyevu. Njia ya udongo si nyumba, ni barabara yenye paa; ukiivunja leo kesho imejengwa. Usiridhike na kuivunja. Ivunje ili ujue kama bado inatumika, kisha fuata inakotoka.

Kwa kaka ilitokea nyuma ya bafu, penye maungio ya bomba yaliyokuwa yakitokwa jasho. Kabla ya kununua dawa yoyote tulikaza bomba, tukaondoa mbao za kujengea zilizozikwa na mafundi chini ya baraza, tukasogeza kuni. Nusu ya kazi iliishia hapo.

Kwa nusu iliyobaki kuna njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni dawa ya ardhini. Zipo zinazomfukuza, kama bifenthrini, na zipo asizozihisi, kama fipronili na imidaklopridi, anazipita bila kujua na kuwabebea wenzake. Kati ya hizo mbili ya pili ina akili zaidi, maana ya kumfukuza ikiacha upenyo wa kidole mmoja ataupata. Lakini kuna neno la Unguja hapa. Maji tunayokunywa yanatoka chini, na jiwe letu la matumbawe limejaa matundu. Fipronili ni sumu kali kwa nyuki na samaki. Palipo na kisima uwani mimi singemwaga chochote, na atakayekuambia haina tabu mwulize kama anakunywa maji ya hapo.

Ya pili ni chambo. Unazika vipande vya selulosi vyenye dawa ya kuzuia kujivua gamba, mfano heksaflumuroni. Mchwa hulishana mdomo kwa mdomo, dawa inaenea, na kila anayefika zamu ya kuvua gamba anakwama na kufa. Ni polepole, miezi. Ila inafika hadi kiotoni, na dawa inayotumika ni chache mno ukilinganisha na madumu ya kumwaga. Kama una subira na una kisima, chagua hii. Kama paa linakaribia kushuka, huna muda wa chambo.

Sasa utauliza: mbona chambo hicho hicho nisimpelekee ami Konde, na nimeshasema hao wawili ni binamu? Ni binamu, lakini kwenye jambo moja wameachana. Kibarua wa Coptotermes anaendelea kujivua gamba maisha yake. Kibarua wa wajenzi wa vichuguu akishakomaa havui tena. Dawa inayoua kwa kuzuia kuvua gamba haina pa kumshika. Inabaki kuwategemea watoto waliomo ndani, na hiyo ni safari ndefu.

Wa kichuguu: mkulima anayekula alichopanda

Kwa mchwa wa mbao kavu na wa ardhini, mbao husagwa tumboni kwa msaada wa vijidudu vya seli moja, urithi ule ule wa babu mende. Termitidae walivipoteza vyote. Baadhi yao wakaanza kutegemea bakteria tu. Tawi moja, Macrotermitinae, likafanya jambo ambalo mimi kila nikisomesha darasani bado linanisisimua: likaanza kulima. Linakusanya majani na mbao, linayapitisha tumboni upesi, linayajenga kuwa masega, na juu yake linaotesha uyoga wa jenasi ya Termitomyces. Chakula chenyewe ni uyoga na masega yaliyolainishwa nao. Jeni za mchwa na jeni za uyoga zote mbili zinaelekeza kwenye mwanzo mmoja tu, misitu ya Afrika, miaka kama milioni 30 iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeacha jembe. Sisi wakulima wa karafuu tumeanza juzi.

Mbegu wanaipataje? Wengi huanza nyumba mpya mikono mitupu, kisha vibarua wa kwanza wanaokota mbegu za uyoga nje. Wachache hubeba kutoka kwao: kwa Microtermes mbegu hubebwa na malkia, kwa Macrotermes bellicosus na mfalme. Hili lina maana kubwa kwa visiwa. Madagaska yote imepata wakulima wa uyoga wa aina moja tu, Microtermes, waliovuka na mbegu yao tumboni. Asiye na mbegu hata akifika pwani hana shamba.

Wa mbao kavu ndio mabaharia. Kipande cha mti kikielea, ukoo mzima umo safarini na chakula chake. Nasaba yao iliyochapishwa mwaka 2022 na kundi la Aleš Buček inahesabu kuvuka bahari kama mara 40 katika miaka milioni 50. Baadaye watu tukawarahisishia: Cryptotermes brevis, anayeonekana kutokea pwani kavu za Peru na Chile, ameenea duniani ndani ya meli na samani. Unguja iliunganika na bara wakati wa barafu kuu, bahari iliposhuka kama mita 120, kwa hiyo kila ukoo ungeweza kuja kwa miguu. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu. Hapo hapakuwa na daraja.

Turudi shambani. Ami alikuwa akimwaga oili chafu juu ya kichuguu kila mwaka, na kila mwaka kichuguu kilirudi. Juu ya kichuguu ni bomba la moshi tu. Malkia, mnene kama kidole, anayetaga maelfu ya mayai kwa siku, yuko katikati, usawa wa ardhi au chini yake, ndani ya chumba kigumu cha udongo. Kwa ukoo huu malkia ana maana, tofauti na wa shangazi. Ukichimba mpaka ukamtoa yeye na mfalme, mara nyingi kundi linaisha. Ni kazi ya jembe la asubuhi nzima, na ni rahisi kuliko mkebe.

Lakini usivichimbe vyote. Kilicho mbali na miche kiache. Mchwa hawa hupenda kilichokufa kuliko kilicho hai. Wanaugeukia mche unapokuwa na kiu, au unapofagia shamba likabaki jeupe na mche ukawa ndio chakula pekee kilichobaki. Ami alikubali kuviacha vichuguu vya mbali, kuacha majani makavu kati ya mistari, mbali na mashina, na kumwagilia miche mipya wakati wa kiangazi. Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu watoto wake wanaokota uyoga kwenye kichuguu cha kando ya kisima kila masika na yeye ndiye anayeula.

Kwa mwanafunzi anayetaka kupima mwenyewe

Wanafunzi wangu wawili waliuliza ni ushahidi upi wautumie kwenye mradi wao. Kama shida ni kujua nani anakula mlango, askari na vidonge vinatosha, tena bure. Kama askari hakupatikana, kipande kifupi cha jeni ya mitokondria, COII au 16S, kitakufikisha kwenye jenasi bila gharama kubwa. Kwa maswali ya matawi ya kale, mitokondria peke yake haitoshi, maana herufi zake zimebadilika juu ya mabadiliko mpaka kumbukumbu imefutika. Hapo zinatakiwa jeni nyingi za kiini cha seli. Kwa njia hiyo mwaka 2019 ilionekana kuwa ndugu wa wakulima wa uyoga ni Sphaerotermes wa Afrika ya Kati na Magharibi, ambaye naye hujenga masega, ila juu yake anafuga bakteria badala ya uyoga. Kwa macho ya umbo tu usingewakutanisha kwa urahisi. Wanafunzi wangu walichagua askari na vidonge. Bajeti ya skuli ilichagua kabla yao.

Mlango wa shangazi tulipiga sindano matundu kumi na moja, tukayaziba kwa nta, na mwimo wa kushoto tukaubadilisha kabisa. Sahani nikaiosha nikairudisha pale pale. Juzi asubuhi akanipigia simu: vidonge vitatu. Vya zamani huweza kudondoka hata baada ya wenyewe kufa, mlango ukibamizwa. Nimemwambia aipanguse, asubiri siku saba, aniite. Leo ni siku ya nne.